Nembo ni moja, bima si moja

Kwa Mhariri,

Duka langu la fotokopi liko kichochoro cha pili kutoka Mkunguni, hapa Lamu. Wazee wananiletea vitambulisho, hati za mashamba, barua za pensheni, na tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ishike nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, wananiletea na simu zao niwabonyezee *147# wajisajili. Karatasi za bima hupita mkononi mwangu kila siku. Ninaandika kwa sababu mbili kati ya hizo zilikuwa za mamangu, na zilituumiza.

Mamangu ni mzee sana na ana ugonjwa wa sukari. Katika SHA mzazi hahesabiwi pamoja na mwanawe. Wanaoingia nawe ni mume au mke na watoto. Mama amejisajili peke yake, akaulizwa yale maswali ya kupima uwezo, na sisi wanawe tunamlipia mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, kwani asiye na mshahara ndivyo anavyotakiwa kulipa. Mchango huo haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Sina lawama hapo. Lakini sisi wa kisiwani tunajua kwamba ugonjwa mkubwa haumalizikii Lamu. Mgonjwa huteremshwa jetini, huvushwa kwa boti hadi Mokowe, halafu ni barabara mpaka Mombasa, zaidi ya kilomita 300. Ndiyo maana tangu 2023, siku bado ni za NHIF, mimi na kakangu tulikuwa tumemkatia mama bima ya kampuni binafsi pia. Ilikuwa inalipa hospitali moja kwa moja akilazwa, hadi shilingi laki tano kwa mwaka, na ambulensi ilikuwamo. Tulilipa shilingi 58,000 kwa mwaka, na kila mwaka ilipanda kidogo.

Novemba ya mwaka jana ajenti akaja dukani. Kijana mpole, mwenye adabu zake. Akanieleza kwamba kuna bima mpya ya wazee, shilingi 21,000 tu. Nikamuuliza kama ni kampuni nyingine.

"Ni ile ile, dada. Hii ni mama, hii ni mwana. Tazama nembo."

Nikatazama. Rangi ile ile, nembo ile ile, jina la kwanza lile lile. Nikampigia kakangu, tukakubaliana kwamba kama ni watu wale wale, hakuna sababu ya kulipa zaidi. Ile ya zamani tukaiacha iishe.

Jina la pili la kampuni lilikuwa tofauti, nalo lilikuwa na neno "maisha" ndani yake. Sheria ya bima ya Kenya inatenganisha biashara ya bima ya maisha na bima nyinginezo, kwa hiyo kampuni mama moja huweza kuwa na kampuni tanzu ya maisha, nyingine ya afya, nyingine ya magari na nyumba, zote zikivaa nembo moja. Hilo si kosa. Lakini kila kampuni tanzu ina mkataba wake, na dai lako haliwezi kuruka kutoka moja kwenda nyingine. Tuliyouziwa ilikuwa ya pesa za kulazwa. Mgonjwa akilala hospitali, kampuni inampa yeye kiasi fulani kwa kila usiku, na deni la hospitali anajuana nalo mwenyewe. Ni bima ya halali, na kwa mvuvi anayepoteza kipato akilala wiki nzima kitandani inafaa sana. Kwa bibi mwenye sukari ambaye hana bima nyingine ya kampuni, haifanyi kazi ya ile aliyoiacha.

Mwezi wa Machi mama alijikwaa kwenye ngazi ya nyumba, kidole cha mguu kikachubuka. Sukari haina mchezo na miguu. Ndani ya siku kumi kidonda kilikuwa cheusi, daktari akasema apelekwe Mombasa siku hiyo hiyo. Tulimshusha jetini kwa kiti, wanaume wanne wakimbeba, maji yamekupwa na boti iko chini kabisa. Nilikuwa nimeshika ile kadi mpya mkononi kama hirizi. Ambulensi upande wa Mokowe tuliilipa wenyewe. Hospitalini, yule binti wa mapokezi akaigeuza kadi mara mbili, akaniambia kwa upole: "Mama yangu, hii hailipi sisi. Hii inawalipa nyinyi, baadaye."

Alilazwa siku tisa. Walimkata vidole viwili, mguu ukasalimika, alhamdulillahi. SHA ilitoa sehemu yake. Iliyobaki kwetu ilikuwa shilingi 131,000. Kampuni ya "mwana" ilitulipa, baada ya wiki saba, shilingi 14,000: elfu mbili kwa kila usiku, ukitoa siku mbili za mwanzo ambazo mkataba hauzihesabu. Walilipa sawasawa na walivyoandika. Mama aliuza bangili zake mbili za dhahabu alizovishwa siku ya harusi yake, nami sijawahi kumsikia akizitaja tangu siku hiyo.

Sasa nieleze kwa nini sikuishia kulia nyumbani.

Kakangu anaishi Columbus, Ohio, na ametimiza miaka 66. Huko Marekani mtu akifika 65 anaingia Medicare, bima ya serikali kwa wazee iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 30 Julai 1965. Aliyefanya kazi na kukatwa kodi yake kwa miaka kumi haongezi malipo ya kila mwezi kwa Sehemu A, inayohusu kulazwa. Sehemu B, ya madaktari na matibabu ya nje, ina ada. Mwaka 2025 kwa walio wengi ilikuwa dola 185 kwa mwezi. Dawa za kununua ziko katika Sehemu D, nayo hupitia kampuni binafsi. Nilipomweleza yaliyompata mama alinyamaza kwenye simu, kisha akasema: "Mimi niliwekewa mtego huo huo, lakini haukuninasa." Nikamtaka anieleze vizuri.

Sehemu B hulipa asilimia 80 ya gharama iliyokubaliwa, baada ya mtu kutoa kiasi cha mwanzo cha mwaka. Ile asilimia 20 inayobaki haina kikomo, na mzee aweza kufilisika nayo. Kwa hiyo kampuni binafsi huuza bima ya kuziba pengo, huko wanaiita Medigap. Alipokaribia miaka 65, kakangu alipokea barua kutoka kampuni mbili zenye majina tofauti. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, zote mbili zilikuwa za kampuni mama moja. Moja ilikuwa nafuu kuliko nyingine. Hapo ndipo mimi na yeye tuliachana njia, kwani barua zake zote mbili ziliandikwa: Mpango G.

Huko sheria imeipa mipango hiyo herufi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mpango G wa kampuni hii ni sawa kimafao na Mpango G wa kampuni ile, iwe ndugu yake au mgeni wake, isipokuwa katika majimbo matatu, Massachusetts, Minnesota na Wisconsin, yenye utaratibu wao. Kampuni hairuhusiwi kupunguza kitu ndani ya herufi. Kwa hiyo mzee halazimiki kusoma kurasa arobaini za mkataba ili ajue anachonunua. Anabaki na maswali ya bei na ya kampuni yenyewe, basi.

Na hayo maswali kakangu aliyauliza. Hakuyauliza kwa ajenti, kwani ajenti hulipwa na kampuni. Aliuliza kwa washauri wa bure. Kila jimbo la Marekani lina mpango wa washauri wa Medicare, wengi wao watu wa kujitolea waliofunzwa, wasiouza bima yoyote. Mama mmoja mstaafu alikaa naye zaidi ya saa nzima. Alimweleza kwamba kuna kampuni zinazopanga bei kwa umri ulionao kila mwaka, hivyo bei hupanda kadiri unavyozeeka. Nyingine hushika umri uliokuwa nao siku ya kununua. Nyingine hutoza wote sawa. Halafu akamweleza lile lililonifungua macho kuhusu kampuni za ukoo mmoja. Kampuni mama huanzisha kampuni tanzu mpya, inakusanya wazee wapya wenye afya, bei inakuwa chini. Ile tanzu ya zamani haipokei wateja tena. Waliobaki ndani wanazeeka na kuugua pamoja, madai yanaongezeka, bei inapanda. Wenye afya wanahama, wagonjwa wanakwama, kwa sababu miezi sita ya mwanzo ikishapita, yaani tangu ufikishe 65 na uwe na Sehemu B, katika majimbo mengi kampuni ina haki ya kukuuliza magonjwa yako na kukukataa. Kwa hiyo akiona bei nafuu leo, aliambiwa aulize: kundi hili la wateja lilianza lini, na bei yake imepanda kiasi gani miaka iliyopita?

Alichagua ile ya bei ya juu kidogo, yenye historia ndefu. Pia alijua kabla ya kusafiri kwamba Medicare yenyewe kwa kawaida hailipi nje ya Marekani, ila Mpango G hulipa asilimia 80 ya dharura ya ugenini katika siku 60 za mwanzo wa safari, baada ya dola 250 za kwanza, mpaka dola 50,000 kwa maisha yake yote. Alikuwa amepanga kuja Maulidi na kukaa miezi mitatu. Akapunguza hadi siku 55.

Sisemi Marekani ni pepo. Huko huko kuna njia nyingine, ya kuikabidhi Medicare yako kwa mpango wa kampuni binafsi, na hiyo haina herufi za kufananisha. Kila mpango una hospitali zake na masharti yake, na wazee wanachanganyikiwa kama sisi. Jirani ya kakangu alibadilisha mpango akakuta daktari wake wa moyo hayumo. Ninachokiomba ni kile kipande kimoja kinachofanya kazi.

Naiomba Mamlaka ya Kudhibiti Bima izilazimishe kampuni zote zinazouza bima ya afya kwa mtu mmoja mmoja zitoe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, wenye mistari ile ile kwa mpangilio ule ule: je, bima hii inamlipa nani, hospitali au mgonjwa, inalipa akilazwa tu au na matibabu ya nje, kikomo cha mwaka, ugonjwa uliokuwapo kabla unangojewa muda gani, usafiri wa mgonjwa umo au haumo, na kama umo, ni kutoka wapi, maana "ndani ya Kenya" kwa ajenti huanzia barabarani na kwetu huanzia majini, na jina kamili la kampuni inayobeba mkataba, kwa herufi kubwa kuliko nembo. Mistari hiyo ikiwa sawa, hata mimi mwenye fotokopi naweza kuziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu na mzee akaona tofauti kwa macho yake. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya habari anazohitaji ili afaidike na huduma anayoilipia. Mamangu hakupewa. Na bima za pesa za kulazwa zisiruhusiwe kuuzwa chini ya maneno "bima ya wazee" bila kusema ni za pesa za kulazwa.

Ombi la pili ni kwa kaunti yetu. Pale Huduma Centre wapo vijana wanaosaidia vitambulisho. Awekwe hata mtu mmoja, siku moja kwa wiki, asiyelipwa na kampuni yoyote, wa kukaa na wazee na karatasi zao. Wengi wao hawaji kwangu kuuliza. Wanakuja kupiga nakala ya kitu walichokwisha kutia saini. Wiki iliyopita bwana mmoja wa Shela aliniletea mkataba wenye nembo ninayoijua. Nikamuonyesha jina la pili. Akakaa kwenye benchi yangu kimya, kisha akaniuliza kama saini inafutika. Nilimwambia apige simu siku hiyo hiyo, aseme amebadili nia, na aombe jibu kwa maandishi.

Mkataba wa mama unaisha tarehe 14 Novemba. Nimeziandikia kampuni tatu, nikaambatanisha ukurasa nilioupanga mwenyewe wenye mistari hiyo sita, nikaomba waujaze kwa Kiswahili na kuupiga muhuri. Mmoja amejibu, na kwenye mstari wa usafiri ameandika kwa kalamu: "Kuanzia jeti ya Lamu." Wengine wawili bado ninawangoja.

Mwenye duka la fotokopi,
Mkunguni, Lamu