Kupiga Windows upya hakuondoi paswadi ya BIOS

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo linaniuma. Mtu akisahau paswadi ya BIOS (ile programu ya kwanza kuamka ukiwasha kompyuta, kabla ya Windows) kwenye laptop anaambiwa eti apige Windows upya, jamani, ile paswadi haikai kwenye diski, iko kwenye chipu ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), futa kila kitu ukiwasha tu unakuta kile kiboksi cha paswadi kinakusubiri. Yangu ilinikataa mara 3 ikajifunga, nikazima nikawasha tena, kumbe kitufe cha herufi kubwa kilikuwa kimewaka muda wote! Angalieni hicho kwanza. Fundi mmoja alitaka tutoe betri ndogo ya CMOS, ile inayotunza mipangilio ya BIOS kompyuta ikiwa imezimwa, hiyo ilikuwa inasaidia sana kompyuta za zamani, ila laptop nyingi za sasa zinatunza paswadi kwenye chipu isiyohitaji betri kwa hiyo utafungua nati bure. Nendeni kwa kampuni iliyotengeneza mkiwa na risiti na serial namba, wengine wanatoa namba ya kufungulia, wengine watakwambia ubadilishe mazabodi nzima. Na mnaonunua laptop zilizotumika, ingieni BIOS mbele ya muuzaji mwone kama haina paswadi kabla hamjatoa hela.

Msomaji wenu