Risala ya Washauri Rika kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuwakaribisha Wanafunzi wa Mwaka wa Kwanza

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mlezi wetu,
Viongozi wa serikali ya wanafunzi,
Wadogo zetu wa mwaka wa kwanza,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako na kuvumilia foleni ya Barabara ya Morogoro hadi kufika kwetu.

Kikundi chetu kilianza na wanafunzi wachache waliowasaidia wageni kubeba mabegi. Leo ni nguzo ya chuo hiki. Tunawapokea wadogo zetu stendi ya Magufuli, Mbezi, hata saa tisa usiku, maana tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Tunawaelekeza kusajili kozi, kuwakwepa madalali wa vyumba na kupanga bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, lisiishe wiki ya pili. Aidha, tumefanikiwa kununua ubao wa matangazo, hatua kubwa sana kwa kikundi kisicho na fungu.

Ndugu Mgeni Rasmi, tatizo letu ni chumba. Ushauri tunautolea chini ya mwembe, kwenye njia ya kantini. Binti aliyekosa mkopo akianza kueleza, wanapita wenzake wa darasani, ananyamaza. "Basi dada, tutaongea." Muhula uliopita mdogo wetu mmoja alikuja mara tatu, na mara zote tatu aliondoka hivyo hivyo. Kisha tukasikia amerudi kwao. Mpaka leo hatujui alitaka kutuambia nini, na jambo hilo linatuuma.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi chumba, tukampigia makofi. Wa mwaka jana, tunamshukuru naye, aliahidi kufuatilia ahadi ya mwenzake, tukapiga makofi tena. Barua tumeandika tatu. Nakala zake zimebanwa nyuma ya risala hii. Na chumba kipo: stoo iliyo nyuma ya maktaba, yenye viti vibovu. Viti tutavitoa wenyewe, rangi tutachanga. Tunaomba ruhusa, na mlango unaofungwa.

Kwa unyenyekevu mkubwa, tunakuomba usituahidi kufuatilia. Msimamizi wa majengo tumemwalika, amekaa safu ya pili. Tunaomba mzungumze naye hapa hapa, na utakaposimama kuwasalimia wadogo zetu, ututajie tarehe ya kukabidhiwa ufunguo.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Washauri Rika