Safari hii si vumbi

Ndugu yangu Hamisi,

Habari za siku tele, watoto hawajambo? Mi mzima, mgongo tu ndo unalalamika na sababu yake utaijua sa hivi. Najua nimekaa kimya na we ukakaa kimya vilevile, kwa hiyo lawama tugawane nusu kwa nusu yaishe.

Kilichonifanya niandike ni Mshtarii. Nimepata kivuli cha Io, ule mwezi wake! Kidoa cheusi tii juu ya mkanda wa mawingu, kama mtu kagusa na ncha ya kalamu, na kabla hujafungua mdomo nakwambia si vumbi. Yale ya mwaka juzi bado ninayo moyoni, nakutumia wewe peke yako picha ya "mwezi" wangu wa Zohali, kumbe vumbi, unaenda kuizungusha kwa kina Fadhili wote, mpaka leo Mama Neema akiniona anauliza vumbi langu linaendeleaje.

Sasa sikiliza. Kile kistendi changu cha darubini si unakijua, hakifuati anga vizuri, sayari inateleza kwenye fremu kutoka upande huu kwenda ule. Vumbi la kwenye sensa ya kamera linabaki palepale sayari ikilipita, hiki kidoa kinasafiri na sayari mwanzo mpaka mwisho. Halafu nilichukua video tatu za dakika mbili mbili, maana Mshtarii inajizungusha mara moja kwa chini ya saa 10 na ukirekodi sana mawingu yanafutika, nikaziachanisha kama dakika ishirini, na kila moja kidoa kimesogea, tena kinalikimbia lile Doa Jekundu, ile dhoruba kubwa ya Mshtarii, kwa sababu kivuli cha Io kinavuka uso mzima kwa saa 2 na kitu wakati doa linahitaji kama 5. Vumbi gani lina mbio hizo?

Kilichonitisha kidogo ni Io yenyewe, ilikuwa bado nje ya ukingo. Nikasema nimekwisha, kivuli kimeingia bila mwenyewe? Mpaka nikakumbuka Jua sa hivi halipo nyuma yetu sawasawa, linapiga kutoka pembeni, ndo maana kivuli kinatangulia. Callisto, mwezi mwingine, sikuipata, nilikata fremu ndogo ili kamera iende kasi ikabaki nje huko, shauri yake.

Usicheke lakini, ilinichukua siku tatu. Ya kwanza nililenga juu ya bati la jirani lililopigwa jua mchana kutwa, sayari ikawa inacheza kama sarafu chini ya maji. Ya pili vioo havikukaa mstari, nikaitoa nyota fokasi nikaona kale kaduara keusi kanakotakiwa kukaa katikati kameenda upande, basi nusu saa nimeinama na bisibisi gizani, kaza huku legeza kule, ndo mgongo huo. Ya tatu nikatoa darubini nje mapema kioo kipoe, na hewa ikatulia, yaani ikatulia kweli, nilibaki nimeshika pumzi utadhani nikihema itaondoka.

Shida sasa ni kompyuta yangu, inakufa katikati ya kupanga fremu za video ziwe picha moja. Video moja tu ndo ilimaliza, nami kwa tamaa nikainoa mno, ukingo umetoka na utepe mweupe kama sahani. Naomba uzipitishe kwako, chagua fremu safi tu, hata asilimia kumi zinatosha, kunoa nenda taratibu. Miezi nimeirekodi peke yake na mwanga zaidi, sayari humo imeungua nyeupe, we chukua miezi tu uiunganishe. Na ukishakiona kidoa nataka uwaandikie kina Fadhili kwa mkono wako mwenyewe. Hata Galileo alipoiona ile miezi minne ya Mshtarii mwaka 1610 wapo waliosema ni lenzi zinamdanganya, ila yeye angalau hawakumuuliza hali ya vumbi.

Haya nijibu: utapata nafasi lini? Nikutumie zote tatu au hiyo ya katikati kwanza? Hivi mkono wako umepona? Shemeji bado anakukataza kutoka usiku? Na ile lenzi yangu ya Barlow, ya kukuzia picha, uliyoazima "kwa wiki moja", iko hai kweli?

Wako,
Suleiman