Ukingo wa ngoma ndio unaoamua

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila swali lako la juzi limeninyima usingizi: tukitenganisha vigeu katika mlinganyo wa wimbi wa ngozi ya duara, ile namba isiyobadilika inatoka wapi? Ulisema ni kama imeangushwa tu kutoka juu. Hata mimi niliwahi kukwama hapo hapo.

Tunauandika mtetemo kama zao la vitu vitatu: R ya umbali kutoka katikati, Θ ya pembe, T ya muda. Ukishagawanya, muda unabaki upande mmoja, mahali upande wa pili. Sasa acha muda upite huku umeganda mahali pamoja. Upande wa mahali hautikisiki, basi na wa muda hauwezi kubadilika. Zote mbili ni namba moja, −k². Alama ya kutoa ndiyo inayoifanya T iende na kurudi. Thamani ya k bado hatuijui, na hatuna haki ya kujichagulia.

Pembe ni rahisi: ukizunguka duara zima unarudi ulipoanzia, kwa hiyo m, yaani mara ngapi Θ inajirudia katika mzunguko mmoja, lazima iwe namba kamili. R inabaki na mlinganyo unaoitwa wa Bessel, wenye majibu mawili. Moja linapaa bila kikomo pale katikati; ngozi haifanyi hivyo, tunalitupa. Tumebaki na la pili, linaloandikwa Jm(kr), r ikiwa umbali kutoka katikati.

Sasa fika ukingoni. Ngozi imekazwa pale, haipandi wala haishuki, kwa hiyo Jm(ka) ni sifuri, a ikiwa nusu kipenyo. J0, yaani m ikiwa 0, inakata sifuri kwenye 2.405, 5.520, 8.654 na kuendelea, basi ka haina budi kuwa mojawapo. Hapo ndipo k inapotoka, rafiki yangu!

Kasi ya kutetemeka huenda sambamba na k, basi linganisha mtetemo wa pili na wa kwanza: gawanya 5.520 kwa 2.405, unapata 2.295. Uzi uliokazwa ungekupa 2 kamili, ndiyo maana uzi huimba noti safi na ngoma ikawa na mlio wake ule. Tena, katika mtetemo huo wa pili kuna duara lisilotikisika kabisa. Kwa ngozi yenye nusu kipenyo cha sentimita 20, liko sentimita 8.7 kutoka katikati. Ukinyunyiza chumvi laini, hapo ndipo inapokimbilia.

Jaribu m = 1 mwenyewe. Sifuri ya kwanza ya J1 baada ya katikati ni 3.832. Nichoree mstari usiotikisika unapita wapi, unitumie.

Wako daima.