Nimesimamisha mashimo yako

Buswelu, Mwanza
12 Oktoba

Mama Neema mwenzangu,

Mwangaluka. Huku wote wazima, mama mkubwa mguu bado unamsumbua lakini anakwenda kanisani na kurudi kwa miguu yake. Salamu nyingine nitakupa mwishoni, maana kuna jambo limenikaa kooni tangu asubuhi. Nimesimamisha mashimo yako.

Nilikuwa natoka sokoni, nikamkuta Baba Doto kiwanjani kwako na vijana wawili na sululu. Ameshavuta kamba kutoka kona ya geti hadi nyuma ya choo, vigingi 13, kimoja kila baada ya mita mbili na nusu. Nikamuuliza ni nini. Akasema, "Mama Neema ameagiza. Anakuja Desemba na miti yake ya Italia, ile mipopla, kwenye sanduku." Nikawaambia waache. Walikuwa wameshachimba manne. Nimewapa hela ya siku yao, hiyo tutahesabiana ukija. Najua kiwanja ni chako, na funguo uliniachia nilinde, si niamue. Ukikasirika una haki. Ila soma mpaka mwisho kwanza.

Usidhani naudharau mti wako. Tangu unitumie zile picha za mfereji wa huko Italia, karibu na Cremona, mipopla imesimama mstari kama wanafunzi asubuhi ya gwaride, nimekuwa nausoma kila nikipata nafasi, na yule mdogo wangu wa misitu nimemsumbua mpaka jioni hapokei simu zangu. Ni mti wa ajabu kweli. Ukipata maji unaweza kupanda zaidi ya mita moja na nusu kwa mwaka. Kuupanda ni kama mihogo: unakata kijiti cha unene wa penseli wakati mti umelala kwa baridi, sentimita 20 hadi 30, unakichomeka ukiacha jicho moja au mawili juu, kinaota mizizi chenyewe. Na ile pamba nyeupe uliyolalamikia mwezi wa tano kwamba inaingia mpaka kwenye uji, hiyo ni ya mipopla ya kike. Ule mwembamba unaoutaka wewe, wa Lombardia, huwa ni dume, ndiyo maana watu wameusambaza dunia nzima kwa vijiti tu.

Lakini angalia huko huko ulipo. Bonde lote la mto Po wanailima mipopla kama wakwe zako wanavyolima pamba kule Magu, safu kwa safu, na baada ya miaka kama 10 wanaikata kwa ajili ya plaiwudi. Huo ni mti wa shamba. Umeona nani huko ameupanda mita mbili kutoka chooni?

Maana shida yangu ni mizizi. Mpopla ni mti wa kingo za mito. Umezaliwa na kiu, na mizizi yake huyafuata maji yalipo, tena huenda juu juu, pembeni, mbali kuliko hata urefu wa mti wenyewe. Sasa mti wa mita 25 kwenye kiwanja cha 20 kwa 30, Mama Neema, mizizi itakwenda wapi? Huku shimo la choo, huku bomba linaloingia jikoni, na nyuma ni msingi wa ukuta wa Mzee jirani yako, na unamjua Mzee na mpaka wake.

Unaikumbuka fikasi yangu ya Nyakato, ile tuliyokuwa tunanywea chai chini yake ukiwa na mimba ya Neema? Hukuwepo ilipofika mwisho wake. Chemba ilianza kujaa, tukadhani watoto wametupa matambara. Fundi alipofunua akavuta kitu kama mkia wa ng'ombe, nywele tupu za mizizi, zimejaza bomba la inchi 4 mpaka hakuna pa kupita hata maji ya kunawa. Tulivunja sakafu ya bafu. Wiki tatu tulikuwa tunaomba choo kwa jirani, na mama mkubwa akiwa na mguu huo huo. Kisha tukaikata. Siku ile nililia, na si kwa ajili ya sakafu. Mti haukuwa na kosa lolote, mimi ndiye niliyeupanda hatua nne kutoka bafuni kwa sababu nilitaka kivuli haraka. Sitaki nije nikuone wewe umesimama na panga mbele ya mti ulioubeba kutoka Italia.

Na mpopla hata ukiukata hujamalizana nao. Mizizi iliyobaki hutoa machipukizi, leo hapa, kesho katikati ya bustani ya mchicha. Kule Utah, Marekani, kuna mpopla mmoja unaoitwa Pando, umejizaa kwa mizizi yake mpaka umekuwa msitu wa hekta 43, mashina zaidi ya 40,000, na wote ni mti mmoja. Nilipoona hiyo niliweka simu chini kwanza.

Halafu kuna hayo mashimo manne. Nimeyapima mwenyewe kwa fimbo. La karibu na geti limeshuka vizuri, udongo mtupu. Matatu mengine sululu imegonga jiwe kabla haijafika kwenye goti. Wewe mtoto wa Mwanza umesahau tunakaa juu ya nini? Mti mrefu mwembamba, umeshika nusu mita ya udongo juu ya mwamba, kisha upepo wa mvua uje kutoka ziwani kama ule ulioondoa bati la kanisa. Utaangukia bati lako au la Mzee.

Na hata ukipona hayo, nani ataulaza? Mti huo umezoea kupukutisha majani, kulala miezi ya baridi na kuamka joto likirudi. Sisi usiku wa Julai ndio tunaouita baridi, na sweta lenyewe ni kwa wazee na vichanga. Huko nako nasikia una ugonjwa wa kuoza gamba, unakauka kuanzia kileleni, mstari wote unabaki na mapengo ukiwa bado kijana. Hapa ongeza mchwa wetu.

La sanduku sasa, na hili nakuomba kama dada. Usibebe hivyo vijiti. Kuingiza mmea nchini kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na huko utokako uwe umepata cheti cha afya ya mimea kabla ya safari. Usiniambie ni vijiti kumi na tatu tu, nani atavijua. Gugumaji nalo lilikuwa ua zuri la bwawani kutoka Amerika Kusini, mtu alilipenda. Wiki iliyopita nilikuwa mwaloni Kirumba, mitumbwi ilikuwa inasukumwa kwa miti kupita ndani ya hilo gugumaji lililotanda ziwani, wanaume jasho linawatoka, na dagaa wanasubiriwa.

Nimetoka nje kidogo, mvua ilikuwa inaanza, nikaanua nguo. Vuli imewahi mwaka huu.

Nirudi kwenye barua yako ya Agosti, maana nimeisoma tena leo mara mbili. Umeandika kwamba ukitoka zamu ya usiku unafungua dirisha usikilize yale majani, kwa sababu yanalia kama ziwa likipiga mawe pale tulipokuwa tunafulia. Sikuwa nimeipa uzito ile sentensi. Nimemuuliza mdogo wangu kwa nini yanalia hivyo, akaniambia kikonyo cha jani la mpopla ni bapa, kimebanwa ubavuni, kwa hiyo kiupepo kidogo tu jani linacheza huku na huku. Basi nikakaa kwenye ngazi yako pale nikafikiri: huyu anataka kuleta Mwanza kitu kinachomkumbusha Mwanza. Ziwa lenyewe lipo, dada. Ukilala upande wa madirisha ya mbele, usiku shwari, linasikika kwa mbali.

Kama ni sauti ya mti unayotaka, panda mvinje. Upepo ukipita kwenye mvinje unavuma kama mtu anavuta pumzi ndefu. Lakini usiupande hapa kiwanjani, nao ni mrefu. Upande ng'ambo, kwenye shamba la baba yako. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hatulali tena tukisubiri kivuko, unakwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Mivinje mitatu, pale juu penye kichuguu, ndani ya shamba, siyo kwenye zile mita 60 za ukingo wa ziwa zinazolindwa na sheria ya mazingira. Hata kama kaka yako anasema pale chini ndipo penye rutuba.

Hapa nyumbani, nakuomba tufanye ashoki tano upande wa barabarani tu. Nao umesimama wima, mwembamba, majani yananing'inia mwaka mzima, ukiangalia haraka utadhani uko Cremona. Hata huo nitauweka mita 4 kutoka kwenye bomba. Nimeshaelewana na yule wa vitalu vya Nyakato, miche ya kimo cha goti. Shimo sentimita 60 kwa 60, udongo wa juu unawekwa kando, unachanganywa na samadi iliyooza, siyo ya jana. Nyasi kavu juu kuhifadhi unyevu, lakini zisiguse shina, mchwa hupenda hapo. Maji nitamwagilia mimi siku ambazo hakuna mvua, debe moja kwa mche, jioni. Na mbuzi wa Mama Shija nitapambana nao mwenyewe. Lile shimo la geti lililoshuka vizuri liwe la mwembe. Neema atakula embe zake.

Ah, na jambo ambalo limenifurahisha katika kusoma kwote huku: sisi Afrika Mashariki tuna mpopla wetu. Uko kando ya mto Tana, Kenya, unastahimili joto, na mbegu zake huota kwenye mchanga mafuriko yakishapita. Unazidi kupungua, maskini. Siku moja ukiwa na likizo ndefu twende tukauone. Unaweza kuukumbatia, hutahitaji kibali.

Sasa nijibu, tena kabla ya Jumamosi, maana Baba Doto ana kazi nyingine Igoma. Umenikasirikia? Hayo mashimo matatu yenye jiwe tuyafukie, au uyaone kwanza? Ashoki tano zinakutosha au unataka saba? Utamwambia wewe kaka yako kuhusu mivinje au nimwambie mimi, ukijua mimi akiniona tu anaanza habari za ile ng'ombe? Vile vijiti umeshavikata? Kama umeshavikata, huko hakuna ukingo wa mfereji wa kuvichomeka? Zamu za usiku zinaisha lini? Unakula? Na Neema, unakuja naye Desemba au anabaki na mitihani? Mama mkubwa ameuliza mara mbili leo, amemwekea kuku.

Wako,
Mama Kulwa