Mtawa wa picha yenu ana jina

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa tafakari ya Kwaresima mliupamba kwa picha ya mtawa mwenye kanzu nyeupe, na chini yake mkaandika tu “Mtawa akisali”. Naomba nafasi ndogo niyasahihishe maelezo hayo.

Huyo ni Padre Henri-Dominique Lacordaire, aliyechorwa kwa rangi za mafuta na Théodore Chassériau huko Roma mwaka 1840, na picha yenyewe imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Wala hasali. Amesimama kwenye baraza la ndani la konventi (nyumba ya watawa) ya Santa Sabina, ametulia, lakini macho yake makubwa yamemkazia mtazamaji, kama ya mtu ambaye mgeni amemkatiza katika tafakari naye hana haraka ya kumsemesha.

Jambo kubwa ni lile vazi. Mapinduzi ya Ufaransa yalifuta nadhiri za kitawa mwaka 1790, na Lacordaire, aliyekuwa mwanasheria kabla ya kupewa upadre mwaka 1827, alikwenda Italia kujiunga na Wadominikani, shirika la watawa wahubiri, ili apate kulirudisha shirika hilo nchini kwake. Aliweka nadhiri Aprili 1840; Februari 1841 akahubiri katika kanisa la Notre-Dame akiwa amevaa kanzu hiyo, na mwaka huohuo picha ikaonyeshwa kwenye Salon, maonyesho makubwa ya sanaa ya Paris. Waliosimama mbele yake siku zile hawakuona upole wa kitawa peke yake. Waliona pia ujasiri wa mtu aliyelirudisha hadharani vazi lililokwisha kufutwa.

Mchoraji alikuwa kijana wa miaka 21, mzaliwa wa Samaná katika Jamhuri ya Dominika ya leo (nchi ambayo jina lake, kwa sadfa ya kupendeza, linatokana na Mtakatifu Dominiko, aliyeanzisha shirika la Lacordaire). Huko Roma ndiko alikofarakana na mwalimu wake, mchoraji Ingres. Mimi naona mistari safi ya uso bado ni ya mwalimu, ila moto wa macho ni wa mwanafunzi.

Nawaomba, katika toleo lijalo, mtaje majina yote mawili pamoja na mwaka, na muichape picha nzima. Mlipoikata mliondoa matao ya nyuma, na ndiyo yanayoonyesha kwamba mtu huyu yuko ugenini.

Wenu katika usomaji,
Msomaji wa siku nyingi, Morogoro