Usikisage kinywe chako kabla ya kutuletea

Wiki hii tena mteja wa maabara yetu, aliyeleta kinywe (yaani grafiti), amepiga simu akisema tumemla hela yake. Maneno ni yale yale: "Dada, kinywe changu ni kizuri, mnunuzi amekiona kwa macho yake, mbona karatasi yenu inasema kina kasoro?" Nimeona nieleze hapa, maana kwenye simu mtu akiwa na hasira hasikii.

Kwanza, kipimo cha Raman hakitoi asilimia ya kaboni. Anayetaka asilimia, sampuli yake huchomwa kwenye tanuri na majivu kupimwa uzito. Hiyo ni kazi nyingine na bei yake nyingine. Sisi tunamulika chembe kwa leza ya kijani, na sehemu ndogo mno ya mwanga hurudi ikiwa imebadilika rangi kidogo kwa sababu atomu zinatikisika. Jambo hilo mwanafizikia C. V. Raman alilitangaza India mwaka 1928. Mabadiliko hayo huchorwa kama mstari wenye vilele, na namba ya kila kilele huonyesha rangi imebadilika kiasi gani. Kwa hiyo tunajua atomu zimepangwaje. Almasi hutoa kilele kimoja chembamba kwenye 1,332. Kinywe hutoa kilele karibu na 1,580, tunakiita G. Mpangilio ukivunjika, kinachomoza kingine karibu na 1,350, hicho ni D. Magamba makubwa ya kinywe yaliyotulia karibu hayana D kabisa.

Sasa shida yenyewe. Wengi wamezoea maabara za majivu, ambako sampuli husagwa. Basi wanasaga wenyewe, wanaona wametupunguzia kazi, na wanaomba punguzo.

Mwaka jana alikuja mzee mmoja kutoka Mahenge na unga mweusi, laini kama masizi. Kijana wake alikuwa ameuzungusha kwenye kinu cha gololi usiku kucha. D ilitoka ndefu karibu sawa na G. Mzee akaniambia, "Mwanangu, mmenidhulumu." Sikubishana naye, nilimwomba tu magamba ya kiroba kile kile. Siku nne baadaye yakaja matatu, yamefungwa kwenye karatasi ya daftari, yaking'aa kama magamba ya samaki. Nikalishika moja kwa kibano, nikalilaza juu ya kioo, upande bapa ukitazama lenzi. G ikasimama nyembamba kama sindano, na pale kwenye 1,350 mstari ukalala. Madini ni yale yale. Kinu ndicho kilichopasua na kupinda matabaka, na kila ukingo mpya unaopasuka huongeza D. Mzee alilipa mara mbili, na nauli juu. Iliniuma.

Kuhusu bei: kila asubuhi, kabla ya sampuli ya mtu yeyote, tunarekebisha mashine kwa kipande cha silikoni, kilele chake lazima kiangukie 520 na nusu hivi. Leza tunaishusha nguvu, kwa sababu kaboni nyeusi hunywa mwanga ikapata joto, na ikipata joto G husogea chini na kukudanganya. Halafu tunapima nukta 25, si moja. Wapo wanaoniomba nukta moja kwa robo ya bei. Siifanyi. Nukta hiyo ikiangukia ukingoni mwa gamba, D itapanda, nawe utauza mzigo mzuri kwa bei ya mbovu ukiwa na karatasi yenye muhuri wangu.

Na tafadhali msilinganishe uwiano wetu wa D kwa G na wa maabara yenye leza nyekundu. Kwa chembe ile ile, nyekundu huonyesha D kubwa zaidi na huisogeza mahali pake. Hakuna aliyekosea hapo.

Wenye mkaa wa vifuu nao wana lalamiko lao: wameongeza moto wa tanuri, uwiano wa D kwa G umepanda, wanadhani mkaa umeharibika. Mkaa si kinywe. Kwenye mkaa, uwiano huo hupanda pale atomu zinapoanza kujipanga kwenye vipete, kwa hiyo mara nyingi ni dalili kwamba moto umefanya kazi yake. Leteni sampuli za kila joto tuzipime pamoja siku moja.

Kinywe kije kama kilivyotoka kwenye chekeche, kijiko kimoja kinatosha, ndani ya kichupa kikavu cha kioo. Usikibandike kwa selotepu. Gundi yake hung'aa chini ya leza ikafunika vilele. Na kama umeshakisaga, tuambie kabla hatujaanza kupima.